Urithi wa Mombasa Haukomei Makupa

Kila uzukapo mjadala wa kuhifadhi majengo katika mji wa Mombasa, macho ya wengi huelekea upande mmoja tu. Hutajwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hutajwa Mji wa Kale, milango yake ya nakshi na roshani zake za mbao. Baada ya hapo mjadala hufungwa na watu wakaagana. Ni kana kwamba mtu akishavuka Makupa kuingia Changamwe, au daraja la Nyali kuelekea Kisauni, au akishashuka kwenye feri upande wa Likoni, huwa ameiacha historia nyuma yake na kuingia katika nchi isiyo na kumbukumbu.

Sensa ya mwaka 2019 inaikanusha dhana hiyo. Kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kati yao, waliohesabiwa Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Waliosalia, zaidi ya milioni moja, walikuwa bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Basi zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wa Mombasa wanalala ng'ambo, ilhali ukiondoa kengele ya Frere Town na machache mengine, karibu kila jengo tunalofundishwa kuliita urithi liko kisiwani. Mwanafunzi wa Likoni hupandishwa feri aende akaione historia ya mji wake, kisha hurudishwa nyumbani jioni akiamini kwamba kwao haiko.

Jambo ninalokusudia kulijadili ni mitaa ya nyumba za kukodisha iliyokuwa ya Baraza la Manispaa na ambayo, tangu ugatuzi wa mwaka 2013, imo mikononi mwa serikali ya kaunti. Katika muhula wa kwanza wa Gavana Ali Hassan Joho, kaunti ilitangaza mpango wa kuibomoa mitaa kumi ya namna hiyo na kujenga maghorofa mapya mahali pake kwa ubia na wawekezaji. Kisiwani ilitajwa Buxton, Tudor na Mzizima miongoni mwa mingine. Bara ilitajwa Changamwe, Likoni, na Khadija iliyoko Kisauni. Wapangaji walipinga, wengine wakaenda mahakamani, mpango ukasuasua. Hatimaye mwaka 2021 tingatinga ziliingia Buxton. Nyumba 520 zilivunjwa, na mahali pake pakapangiwa nyumba mpya 1,860 katika majengo ya ghorofa nyingi.

Sina nia ya kulaani kila kilichofanyika Buxton. Nyumba 1,860 ni nyingi kuliko 520, na anayetafuta pa kulala hana haja ya kusomewa hotuba juu ya uzuri wa kuta kuukuu. Hata hivyo, Buxton ilikuwa mlango tu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imeipa serikali kuu fedha zinazokatwa katika mishahara, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri, na mpango huo unatafuta ardhi ya umma kila pembe ya nchi. Barabara ya Dongo Kundu imeiunganisha Changamwe na pwani ya kusini pasipo kuvuka feri. Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mwaka 2022. Ardhi ambayo miaka sitini iliyopita ilionekana ni ya mbali, sasa iko njiani. Kwa hiyo swali la Changamwe, Khadija na Likoni litarudi, na litakaporudi ni afadhali litukute tumekwisha kufikiri.

Tuanze na asili yake. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kuli wa Kilindini alihesabiwa kuwa kibarua wa siku. Mshahara wake ulikadiriwa kwa kipimo cha mtu mseja, kwa hoja kwamba mke na watoto wako shamba na shamba litawalisha. Pa kulala hakikuwa kitu kilichomhusu mwajiri. Watu walijazana vyumbani Majengo na kwingineko, wakilipa kodi iliyokula sehemu kubwa ya kipato chao. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao makuu. Serikali iliunda tume, ile ijulikanayo kwa jina la Willan, nayo ikaeleza wazi jinsi hali ya makazi ilivyokuwa mbaya. Kisha vita vikaja, na maneno ya tume yakawekwa kabatini.

Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku 12. Bandari ilisimama, reli ilisimama, hoteli zikakosa wapishi. Wagomaji walikutana kila siku katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, na humo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia. Agosti mwaka huo alikamatwa, akawekwa kizuizini Kabarnet kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1955 makuli waligoma tena, na kijana Tom Mboya akaja Mombasa kusuluhisha. Katikati ya migomo hiyo miwili, mwaka 1954, kamati ya Carpenter ilikuwa imekiri jambo ambalo makuli walilijua siku zote, kwamba mfanyakazi wa mjini ni mtu mwenye jamaa, na kwamba mshahara na nyumba yake sharti vipimwe kwa jamaa hiyo.

Nyumba za baraza ni tunda la mabishano hayo. Nyingine zilikuja baada ya uhuru, lakini zilifuata fikra ile ile: chumba cha kulala watu wa nyumba moja, jiko, maji karibu, shule jirani, uwanja wa watoto, na kodi ambayo mshahara wa bandarini au wa kiwandani unaweza kuibeba. Asemaye kwamba majengo haya ni mabaki ya ukoloni na hayastahili kulindwa na Mwafrika, ameisoma historia upande mmoja. Mkoloni hakuyatoa kwa ukarimu. Alitolewa jasho mpaka akayajenga. Ngome ya Yesu, ambayo hakuna anayetaka kuivunja, ilijengwa ili kututawala, na gereza lilikuwamo ndani yake hadi mwaka 1958. Ikiwa tunaweza kuitunza ngome, sioni kwa nini tuone haya kuitunza nyumba ya kuli.

Upande wa usanifu nao una mengi. Miaka ya arubaini na hamsini ilikuwa zama za wasanifu waliokataa mapambo na kutaka jengo lijieleze kwa kazi yake: ukuta mweupe, paa la moja kwa moja, dirisha mahali panapohitajika dirisha. Huo ndio usanifu wa mamboleo. Mmoja wa mabingwa wake, Ernst May, aliyekuwa msanifu mkuu wa mji wa Frankfurt na kuwajengea wafanyakazi maelfu ya nyumba huko, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1934, akaishi hapa takriban miaka ishirini. Alichora upanuzi wa Kampala mwaka 1947. Alichora jengo la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa pale Moshi. Hapa Mombasa alichora Hoteli ya Oceanic, iliyopinda mbele ya bahari, ambayo leo haipo tena, na pia mpango wa makazi ya Waafrika huko Port Tudor. Sisemi kwamba May ndiye aliyechora Changamwe au Likoni. Nasema kwamba nyumba za baraza zilijengwa katika hewa hiyo ya fikra, wakati ambapo shule ya usanifu ya London ilikuwa imefungua, mwaka 1954, idara nzima ya kufundisha ujenzi wa nchi za joto, na wakati ambapo kiwanda cha saruji cha Bamburi, mwaka ule ule wa 1954, kilianza kuzalisha saruji yake upande wa Kisauni.

Mafunzo ya idara hiyo yalihusu nini? Yalihusu upepo. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na saa za asubuhi na alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi kwa ukali. Kwa hiyo jengo lenye akili huelekeza mbavu zake ndefu kaskazini na kusini, na ncha zake fupi mashariki na magharibi. Tena jengo hilo huwa jembamba, upana wa chumba kimoja au viwili, ili dirisha la mbele na la nyuma yaonane. Kusi ikivuma kuanzia Aprili, huingia upande mmoja ikatokea wa pili. Kaskazi ikija mwisho wa mwaka, hupita njia hiyo hiyo kinyumenyume. Paa hutokeza nje ya ukuta kulipa dirisha kivuli. Juu ya mlango huachwa matofali ya matundu, ili hewa ya moto iliyopanda darini ipate pa kutokea. Kati ya jengo na jengo huachwa uwanja, kwa sababu upepo uliozuiwa na jirani haufiki kwako.

Mabaharia wetu walikuwa wakizipanga safari zao kwa pepo hizo hizo karne nyingi kabla ya chuo chochote kuanzishwa London, na nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi wake wa kupitisha hewa. Mzungu hakuvumbua kusi. Alichofanya ni kuiingiza katika ramani ya nyumba ya kodi nafuu, na hilo si jambo dogo. Linganisha na ghorofa nyingi zinazochipuka sasa bara: ujia wa giza katikati, vyumba kulia na kushoto, kila chumba na dirisha upande mmoja tu, ukuta wa jirani umbali wa kunyoosha mkono. Mpangaji huingia Februari, hununua feni, baadaye hununua mashine ya kupoza hewa ikiwa anaweza, na bili ya umeme humla kila mwezi. Kodi ya joto hiyo haiandikwi katika mkataba wowote.

Walimu wa hisabati na wa jiografia wana somo tayari hapo, wala halihitaji kitabu kipya.

Najua watakaoniambia: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ni kweli. Anayeusifu upepo wa nyumba kuukuu huenda hajapanga foleni ya choo cha pamoja saa kumi na moja alfajiri, wala hajaona bomba lililokauka wiki nzima huku akiambiwa kwamba maji ya Mzima yalifika Mombasa tangu miaka ya hamsini. Kuna dari zinazomwaga vipande vya zege juu ya vitanda vya watoto. Kuna mifereji iliyoziba, nyaya za umeme zilizoning'inia, ngazi zilizopoteza kingo. Mpangaji anayesema "vunjeni, nimechoka" hana ujinga wowote. Amechoka kwa haki.

Lakini tuulize aliyemchosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye wajibu wa kuziba ufa katika nyumba ya kukodi ni mwenye nyumba. Baraza lilikusanya kodi miaka nenda miaka rudi. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo, hilo nakubali, na nyingine haikulipwa kabisa. Hata hivyo, jengo lililoachwa bila rangi, bila lipu na bila fundi wa bomba kwa miongo kadhaa haliwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba usanifu wake ulikuwa mbaya. Hata ikulu ingepasuka kwa malezi ya namna hiyo.

Maradhi ya majengo haya yanafahamika, na tiba yake pia. Hewa ya bahari hubeba chumvi. Chumvi hupenya zege mpaka ikafika kwenye nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, na zikivimba huipasua zege kutoka ndani, ndipo vipande huanza kudondoka. Fundi anayejua kazi hugonga zege iliyolegea, huisugua nondo mpaka ing'ae, huongeza mpya palipolika sana, kisha huziba kwa mchanganyiko mzito. Kuta za mawe ya matumbawe zina ugonjwa mwingine: zilizoea lipu ya chokaa, inayopumua, na zikipakwa lipu ngumu ya saruji unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza taratibu. Jengo ambalo msingi wake umekwisha au nguzo zake zimeliwa hadi kiini halina budi kuvunjwa, na mhandisi ndiye wa kusema hivyo baada ya kulipima, si mwanasiasa baada ya kulitazama. Na penye paa za asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, kuna sababu ya ziada ya kutokimbilia tingatinga: vigae hivyo vinapopondwa hutoa vumbi linalodhuru mapafu, ilhali vikifunguliwa kimoja kimoja na watu wenye vifaa huondoka salama.

Wengine watasema kwamba sheria haituruhusu kuyalinda majengo ya juzi. Si hivyo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaeleza kuwa jengo lenye umuhimu wa kihistoria au kiutamaduni linaweza kutangazwa na waziri kuwa la kumbukumbu hata liwe la umri gani. Mwaka 1895, unaowakaa watu vichwani, ni mpaka uliowekwa kwa vitu vya kale vinavyohamishika. Jengo la mwaka 1955 linastahiki kama la mwaka 1655, ilimradi pawe na mtu wa kuliombea. Kinachokosekana ni mwombaji.

Na tusidhani kwamba ni sisi pekee tungelifanya jambo hili la ajabu. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika mitaa sita ya nyumba za mamboleo ya Berlin, iliyojengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wangali wanaishi humo, wanapika, wananing'iniza nguo. Mwaka 2017 mji mzima wa Asmara, uliojengwa kwa kiasi kikubwa na wakoloni wa Kiitalia, uliandikwa kwa sababu ya usanifu wake wa mamboleo, na walioupeleka ni Waeritrea wenyewe waliopigana miaka thelathini kuupata uhuru wao. Hawakuona mgongano wowote kati ya uhuru na kuzitunza nyumba walizorithi.

Kwa upande wa pili kuna Kampala. Mitaa ya Nakawa na Naguru ilikuwa nyumba za wafanyakazi zilizotokana na upanuzi ule ule uliochorwa na Ernst May. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya OpecPrime Properties wa kujenga mji mpya mahali hapo. Julai 2011 wakazi waliondolewa na nyumba zikasagwa. Familia 1,747 zilihusika, zikiwa na ahadi ya kupewa nyumba katika mji huo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Miaka ikapita, majani yakaota, mji ulioahidiwa haukusimama, na mwishowe ardhi ikaanza kugawiwa wengine. Waliokuwa watoto mwaka 2011 walimaliza shule huku wazazi wao wakiingoja nyumba.

Mfano huo wa Nakawa unanifikisha kwenye jambo ninaloliona zito kuliko zege na chokaa, nalo ni ardhi. Pwani ya Kenya ina historia yake chungu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati wachache na kuwaacha wengi wakiwa wageni katika makao ya babu zao. Mpaka leo kuna maelfu ya watu Kisauni na Likoni wanaomiliki nyumba pasipo kumiliki ardhi iliyo chini yake, wakimlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Ilibidi serikali inunue ekari 930 za shamba la Waitiki huko Likoni ndipo waliokuwa wakiishi humo waanze kupewa hati, mwaka 2016. Katika mazingira hayo, kiwanja cha nyumba za baraza ni kitu adimu: ardhi ya mjini iliyo mali ya umma, ambayo mtu asiye na hati wala ukoo mkubwa anaweza kuishi juu yake kwa kodi halali na risiti mkononi. Kuta zikivunjwa na nyumba mpya zikauzwa moja moja kwa wenye mikopo ya benki, ardhi hiyo hairudi. Hakuna kaunti itakayoinunua tena kwa bei ya soko ili iwapangishe makuli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoupunguza mjadala huu ukawa ugomvi wa wapenda vya kale na wapenda maendeleo. Makuli wa 1947 walishinda kitu kinachoweza kuelezwa kwa sentensi moja: kwamba mji unamdai jasho mfanyakazi wake, nao unadaiwa naye nyumba yenye hewa kwa kodi anayoimudu. Majengo ya Changamwe, Khadija na Likoni ni hati ya deni hilo.

Rai yangu ni kwamba yasivunjwe kwa mkupuo. Kila jengo lipimwe na mhandisi, na taarifa yake isomwe hadharani kwa Kiswahili kinachoeleweka. Yanayotibika yatibiwe, yaongezewe vyoo vya ndani na mabomba mapya. Penye nafasi kubwa pajengwe mapya kando, nayo yafuate elimu ile ile ya kusi na kaskazi badala ya kuinakili ghorofa ya nchi ya baridi. Katika kila mtaa sehemu moja iliyo kamili, yenye safu zake na uwanja wake, iombewe hifadhi chini ya sheria ya 2006, lakini iendelee kukaliwa. Sipendi kabisa wazo la kuigeuza nyumba ya mfanyakazi kuwa makumbusho ya watalii. Penye ulazima wa kuvunja, mpangaji asitolewe kabla ya kupewa haki ya kurudi iliyoandikwa, yenye namba ya chumba na kiwango cha kodi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inamtambulia kila mtu haki ya makao yanayofaa, na sheria za ardhi zilizorekebishwa mwaka 2016 zinadai ilani ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Hivyo ni vima vya chini kabisa. Mwenye nyumba muungwana huenda mbele zaidi.

Nitaambiwa kwamba uzito wa mahitaji ni mkubwa mno kwa taratibu hizi za polepole. Basi tuhesabu. Hata kama mitaa yote kumi ingeongezwa mara tatu na nusu kama Buxton, idadi hiyo isingewatosha hata sehemu ndogo ya watu milioni moja walioko bara. Wengi wao hawako katika nyumba za baraza. Wako katika vijumba vya mabati na vyumba vya udongo Kisauni, Likoni na Jomvu. Huko ndiko kwenye dharura. Kuanza kwa kuvunja nyumba ambazo tayari zina mitaro, barabara na shule, kwa kisingizio cha uhaba wa nyumba, ni hesabu inayonishinda kuielewa, isipokuwa nikikumbuka kwamba viwanja vyake viko mahali pazuri.

Walimu wa bara wanalijua jambo moja ambalo halionekani katika michoro ya wawekezaji. Mtaa ukivunjwa katikati ya muhula, rejista ya darasa hubadilika. Mtoto wa Changamwe huenda akaangukia Mariakani kwa shangazi, au Ukunda, au hapatikani tena. Kwa sababu hiyo shule si mtazamaji katika suala hili.

Na zipo kazi ambazo shule zinaweza kuzianza bila kungoja waziri wala gavana. Wanafunzi wa jiografia wanaweza kuchukua dira na futi, wakapima mwelekeo wa kila jengo na upana wa madirisha yake, wakaandika nyuzi za joto ndani na nje saa nane mchana mwezi wa Machi, kisha wakafanya vivyo hivyo katika ghorofa jipya la jirani. Wa historia wanaweza kuwaketisha wazee waliopewa vyumba hivyo na baraza, wawaulize walivyokuwa wakiishi kabla yake, walilipa kodi kiasi gani, nani alizikwa akitokea chumba kipi. Wa Kiswahili wanaweza kuyakusanya majina ambayo wakazi wameyapa majengo, vichochoro na mabomba, kwa maana majina hayo hayamo katika ramani ya kaunti. Risiti za kodi na vitabu vya wapangaji vilivyomo masandukuni vipigwe picha kabla ya mchwa kuvimaliza, kwani ndivyo vitakavyoulizwa siku ya kujua nani ana haki ya kurudi.

Orodha hiyo ya wapangaji, pamoja na namba za vyumba vyao, ingefaa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ikiwa na sahihi ya kaunti na ya mwekezaji, kabla dereva wa tingatinga hajakabidhiwa ufunguo.